Sir George Beatson: Daktari Aliyeitafuta Tiba ya Titi Mahali Pengine



 Safu hii ya maisha ya watu mashuhuri imezoea kutuletea maulamaa, majemadari na wafanyabiashara wa zamani. Katika toleo hili naomba mnivumilie, kwani nimemleta mtu ambaye hakuwa Muislamu na ambaye wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake. Ni daktari wa Uskoti aliyefariki mwaka 1933. Nimemchagua kwa sababu ya kidonge kimoja anachokunywa shangazi yangu kila siku baada ya sala ya alfajiri, na kwa sababu ya swali moja ambalo mimi nililisikia nikanyamaza.

Swali ambalo halikujibiwa

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kabla ya kuja kusoma hapa Uganda. Likizo ndefu iliyopita nilimsindikiza shangazi, dada wa baba yangu, hospitali. Alikuwa ameuhisi uvimbe kwenye titi lake la kushoto kwa karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu. Alikuwa akijisomea, akijipaka mafuta ya habbat sauda, na akiuficha mkono wake wa kushoto chini ya mtandio kila ulipomuuma.

Daktari alimpima, akaandika, kisha akauliza kama kuna mwanamke mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua titi. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alijibu kuwa hakuna.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya shangazi. Nilijua kuwa jibu lile halikuwa kweli. Bibi, mama yao wote wawili, alifariki nikiwa na miaka tisa kwa ugonjwa ambao nyumbani uliitwa donda la kifua. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumwaga maji yaliyooshewa vitambaa vyake. Harufu ile bado naikumbuka. Nilimtazama shangazi, naye akatazama chini. Tukatoka pale sote watatu tukiwa tumeshirikiana katika uongo mmoja.

Sababu yake mnaijua, hasa akina dada. Binti wa shangazi alikuwa ameposwa, na mahari yalikuwa yameshazungumzwa. Kwetu ukoo ukishasemwa kuwa una ugonjwa, wachumba hubadilisha njia.

Niliporudi chuoni nilimsimulia mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma udaktari, kuhusu kidonge alichopewa shangazi baada ya upasuaji. Niliambiwa kuwa kinazuia homoni. Sikuelewa homoni zinahusiana vipi na donda la kifua. Yeye akaniambia nianze na mtu mmoja anayeitwa George Beatson. Nilianza, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Mtoto wa daktari wa jeshi

George Thomas Beatson alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Trincomalee, kwenye kisiwa kilichoitwa Ceylon wakati huo na ambacho leo ni Sri Lanka. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza. Kijana alipelekwa kusoma katika Kisiwa cha Man, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwishowe akasomea udaktari Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti.

Alipata bahati ya kufanya kazi chini ya Joseph Lister, mpasuaji aliyewafundisha madaktari wa zama zile kuosha vidonda na vifaa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kabla ya Lister, mgonjwa angeweza kupona kisu akauawa na usaha. Kwa hiyo Beatson alikulia katika udaktari wakati ambapo upasuaji ulikuwa umeanza kuaminika, na madaktari walikuwa wakithubutu kufungua sehemu za mwili ambazo waliowatangulia waliziogopa.

Hakuoa. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa katika mji wa Glasgow, mji wa viwanda, meli na makaa ya mawe. Mwaka 1882 alikuwa miongoni mwa waliosimamisha huko chama cha kufundisha raia wa kawaida huduma ya kwanza na kubeba majeruhi, chama cha St Andrew's. Nimeona niyataje haya ili tumjue mtu mwenyewe: alikuwa mtu wa mpangilio, mtulivu, mwenye kujali watu waliokuwa wakiumia viwandani na barabarani. Lakini jambo lililomfanya akumbukwe lilianza kabla ya hapo, alipokuwa kijana asiye na kazi nyingi.

Kondoo, ng'ombe na maziwa

Mwaka 1876 Beatson alipewa jukumu la kumwangalia mgonjwa mmoja wa akili aliyekuwa akiishi kwenye shamba, magharibi mwa Uskoti. Kazi haikuwa nzito. Alikuwa na saa nyingi za bure, na alihitaji kuandika tasnifu ili apate shahada yake ya juu ya udaktari. Karibu yake palikuwa na shamba la kondoo ambapo wana-kondoo walikuwa wakiachishwa ziwa. Akaamua kuandika juu ya utoaji wa maziwa.

Angalieni jinsi Allah anavyompa mja elimu kutoka pale alipo. Mtu huyu hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Alikuwa akijiuliza swali la mfugaji: ni nini kinachoyaamrisha maziwa yaanze, na ni nini kinachoyaamrisha yakome?

Katika kuuliza huko alijifunza kwamba katika baadhi ya nchi wafugaji walikuwa na desturi ya kumtoa ng'ombe ovari, yaani vifuko vya mayai, baada ya kuzaa, ili aendelee kutoa maziwa kwa muda mrefu. Wafugaji waliifanya kama desturi tu, lakini Beatson aliposikia alishtuka. Ovari ziko chini ya tumbo na kiwele kiko nje. Iweje ukikata huku, kule kubadilike?

Madaktari wa zama zake waliamini kuwa viungo vya mwili huamrishwa na mishipa ya fahamu, kama waya wa simu unaotoka ubongoni. Beatson aliona kuwa maelezo hayo hayatoshi. Akafikia wazo kwamba kiungo kimoja kinaweza kukitawala kiungo kingine kilicho mbali nacho. Alifanya majaribio kwa sungura, na alichokiona kilimzidishia imani katika wazo hilo.

Kisha akapiga hatua ya pili. Alipotazama kwa hadubini titi linalojiandaa kunyonyesha, aliona seli zikiongezeka kwa wingi ndani ya mirija ya maziwa. Alipotazama saratani ya titi, aliona pia seli zikiongezeka kwa wingi. Tofauti ilikuwa kwamba katika unyonyeshaji seli zile hugeuka kuwa maziwa na kazi ikaisha, lakini katika saratani huongezeka bila kikomo na kuvamia nyama ya jirani. Akajiuliza: kama ovari ndizo zinazoshika hatamu za lile la kwanza, je, hazina mkono katika hili la pili?

Wakati huo madaktari wengi walidhani saratani inaletwa na vijidudu, kwa kuwa zama zile kila ugonjwa ulikuwa ukitafutiwa kijidudu chake. Beatson alikwenda njia nyingine. Lakini wazo lake lilikaa kwa karibu miaka ishirini kabla ya kupata mgonjwa wa kulijaribu.

Mwanamke wa miaka 33

Mwezi Mei mwaka 1895, mwanamke mmoja alifikishwa kwa Beatson katika Hospitali ya Saratani ya Glasgow. Jina lake hatulijui. Alikuwa na miaka 33, ameolewa, ana watoto wawili. Aliuona uvimbe wakati akinyonyesha. Alikuwa ameshapasuliwa na titi kuondolewa, lakini saratani ilikuwa imerudi kwenye kifua na hapakuwa na nyama ya kukata tena. Kwa elimu ya zama zile, alibakiwa na kusubiri kifo.

Beatson alimweleza yeye na mumewe hali ilivyo, na kwamba ana jambo la kujaribu. Walikubali. Tarehe 15 Juni 1895 alimfungua tumbo, si kifua, akaziondoa ovari zake zote mbili.

Tusilipite jambo hili haraka. Kumtoa ovari mwanamke wa miaka 33 ni kumfungia mlango wa uzazi moja kwa moja na kumwingiza katika ukomo wa hedhi siku hiyo hiyo, pamoja na mawimbi ya joto, jasho la usiku na mifupa kudhoofika mapema. Mama yule alilipa gharama kubwa kwa ajili ya wazo ambalo halikuwa limewahi kujaribiwa kwa binadamu yeyote mwenye saratani ya titi. Tunapomsifu daktari tumkumbuke na yeye.

Baada ya wiki kadhaa uvimbe ulianza kunywea. Baada ya miezi minane, zile alama za saratani zilizokuwa zikionekana kifuani zilikuwa zimetoweka. Mwaka 1896 Beatson aliwasimamia madaktari wenzake wa Edinburgh akawaeleza, na mwezi Julai wa mwaka huo maelezo yake yakachapishwa katika jarida la Lancet.

Mwanamke yule aliishi kwa takriban miaka minne baada ya upasuaji. Kisha ugonjwa ukarudi, akafariki.

Theluthi moja

Jambo lililonivutia zaidi kwa Beatson ni jinsi alivyozungumza juu ya alichokipata. Hakudai kuwa ameshinda saratani. Katika kichwa cha makala yake aliyaita mambo yake mapendekezo. Aliwataja wagonjwa wengine ambao hawakupata nafuu kama ya yule wa kwanza. Alieleza wazi pia kwamba alikuwa amewapa dawa ya tezi ya shingo pamoja na upasuaji, jambo ambalo lingeweza kumfanya mtu mwingine atilie shaka matokeo yake.

Hapa nilimkumbuka mmoja wa watu wetu. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki mwaka 1013, ndiye baba wa upasuaji katika historia ya Waislamu. Katika kitabu chake kikubwa cha al-Tasrif alipofika kwenye uvimbe wa saratani uliokwisha kukua na kukaa muda mrefu, alikiri kuwa yeye mwenyewe hajawahi kumponya mgonjwa wa namna hiyo na hajamwona mwingine aliyeweza. Kuna karibu miaka mia tisa kati ya watu hawa wawili, na dini zao ni mbalimbali, lakini amana ya elimu ni moja: kusema ulichokiona kama ulivyokiona, hata kama kinakupunguzia heshima.

Madaktari wengine walianza kuufuata upasuaji wa Beatson. Mwaka 1900 mpasuaji wa London, Stanley Boyd, alikusanya taarifa za wanawake 54 waliofanyiwa hivyo nchini Uingereza. Takriban theluthi moja yao ndio waliopata nafuu. Kwa nini hao tu? Beatson hakujua, na Boyd hakujua. Polepole upasuaji ule ukaachwa na wengi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kabla ya kukata ni mwanamke yupi atapona na yupi atateseka bure.

Beatson mwenyewe alipewa cheo cha Sir mwaka 1907, akaendelea na kazi za hospitali na za msalaba mwekundu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alifariki mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 84. Baadaye hospitali ya saratani ya Glasgow na taasisi ya utafiti wa saratani ya mji huo zilipewa jina lake.

Jibu lililokuja baada yake

Miaka kumi baada ya upasuaji ule wa kwanza, mwaka 1905, mwanafiziolojia Ernest Starling wa London alilileta neno homoni. Homoni ni ujumbe. Tezi moja huutoa, damu huubeba, na kiungo cha mbali huupokea na kuutii. Hicho ndicho Beatson alichokuwa akikitafuta bila kuwa na jina lake. Mwaka 1929 homoni ya kike inayoitwa estrojeni ilitengwa kwa mara ya kwanza, na ikajulikana kuwa ovari ndizo zinazoitengeneza kwa wingi kabla ya ukomo wa hedhi.

Ile theluthi moja ilipata maelezo kwa Elwood Jensen wa Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Aligundua kuwa estrojeni haifanyi kazi mpaka ikutane na kipokezi ndani ya seli, kama ufunguo unavyohitaji kitasa chake. Saratani nyingi za titi zina vipokezi hivyo, na nyingine hazina. Isiyo na vipokezi haijali hata ukiondoa estrojeni yote. Leo kipande cha uvimbe hupelekwa maabara, na swali la kwanza linaloulizwa ni hilo: vipokezi vipo au havipo?

Majibu ya shangazi yalionyesha kuwa vipo. Ndiyo maana akapewa tamoksifeni, dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1970, ambayo hukikalia kipokezi ili estrojeni isipate pa kuingia. Kile ambacho mama wa Glasgow alikipata kwa kupasuliwa tumbo, shangazi anakipata kwa kidonge na glasi ya maji.

Ovari, jeni na ukoo

Lakini kwa nini mwanamke mmoja apate na jirani yake asipate? Hapa ndipo lile swali la daktari linaporudi, swali la ukoo.

Mwaka 1866, miaka kumi kabla ya Beatson kukaa na kondoo wake, daktari Mfaransa Paul Broca aliandika juu ya ukoo wa mke wake mwenyewe, ambamo wanawake wa vizazi vinne walikufa kwa saratani ya titi. Hakuona haya kuandika ya nyumbani kwake. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kuwa katika baadhi ya koo kama hizo kuna jeni iliyoharibika kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana, na mwaka uliofuata ikapatikana BRCA2. Kazi yake ikiwa nzima ni kurekebisha hitilafu za DNA. Mwanamke aliyerithi moja yenye hitilafu ana uwezekano wa takriban saba kati ya kumi wa kupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80.

Mambo mawili hapa huwa hatuyajui. La kwanza, jeni hizi zinarithiwa kwa baba kama zinavyorithiwa kwa mama. Mwanamume anaweza kuibeba kutoka kwa mama yake bila kuumwa na akampa binti yake. Kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata au kuikosa. La pili, saratani zinazotokana na urithi wa aina hiyo ni chache, kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Wanawake wengi wanaougua hawana historia hiyo kabisa.

Zipo pia jeni nyingine ambazo hazijaharibika bali zinatofautiana tu kati ya mtu na mtu, kama urefu unavyotofautiana. Baadhi yake zinagusa homoni zenyewe. Mfano ni jeni ya CYP19A1, inayotoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya cha aromatase. Kimeng'enya hicho ndicho kinachogeuza homoni za upande wa kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kuwa estrojeni. Baada ya ukomo wa hedhi, ovari zinapopumzika, estrojeni ya mwanamke hutoka zaidi katika mafuta ya mwili kwa njia hiyo. Jeni nyingine hutengeneza protini inayozishika homoni za jinsia ndani ya damu, na kuamua ni kiasi gani kibaki huru kufanya kazi.

Nilipoyasoma haya nilidhani nimepata jibu: jeni huongeza estrojeni, estrojeni huleta saratani, basi yamekwisha. Mwenzangu wa chumbani alinisahihisha. Ni kweli kwamba miongoni mwa wanawake waliokoma hedhi, wenye estrojeni nyingi zaidi katika damu wana hatari ya karibu mara mbili ya wenye kidogo zaidi. Hilo lilionekana mwaka 2002 pale tafiti tisa zilipounganishwa. Na ni kweli kwamba tofauti za kawaida katika CYP19A1 hubadilisha kiwango cha estrojeni. Lakini mabadiliko hayo ni ya kiasi cha sehemu 10 hadi 20 tu kati ya 100, na watafiti walipopima kama wenye tofauti hizo wanaugua zaidi, hawakuona ongezeko la maana. Jeni moja ndogo peke yake haimhukumu mtu. Ipo pamoja na nyingine nyingi, na pamoja na umri, uzito, idadi ya watoto, miezi ya kunyonyesha na mambo mengine.

Kwa hiyo damu ya ukoo inasema kitu, lakini haisemi kila kitu.

Qadar na kinywa kilichofungwa

Shangazi, alipokuwa akificha uvimbe wake, alikuwa akijiambia kuwa limeandikwa. Sisi tunaosoma masomo ya dini tusiwe wepesi wa kumcheka, kwa kuwa imani yake katika qadar ni ya kweli. Lakini tunamjua Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham na habari za tauni zikamfikia. Aliamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika qadar moja ya Allah kwenda katika qadar nyingine ya Allah. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaruhusu mabedui waliomuuliza juu ya kujitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Kuhusu ndoa, nimerudi kwenye vitabu vyetu vya fiqhi na mlango wa aibu zinazotakiwa kuelezwa kabla ya nikahi. Humo nimekuta wendawazimu, ukoma na mbalanga, na vile vinavyozuia tendo la ndoa. Vyote ni vitu ambavyo mtu mwenyewe tayari anavyo. Sikukuta humo kwamba binti mzima ana aibu kwa kuwa bibi yake aliugua. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Mwenye suala kama hili na awaulize wenye elimu. Lakini naona wazi kuwa sisi tumeifanya aibu kitu ambacho sheria haikukiita aibu, kisha kwa kuilinda aibu hiyo tukamdanganya tabibu. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilichokifanya

Beatson alipata alichokipata kwa kuwa alimsikiliza mfugaji, na kwa kuwa mama mmoja na mumewe walikubali kuambiwa ukweli na kuusema. Daktari wa Bujumbura naye aliuliza, akapewa uongo.

Mwezi uliopita nilimpigia simu baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilimwambia kuwa namkumbuka bibi na vile vitambaa, na kwamba kama kuna jambo katika damu, basi huenda limepita kwake yeye na huenda limenifikia mimi, kwa hiyo siulizi ya shangazi peke yake. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanitajia na jina la pili: dada yake bibi, aliyezikwa Ujiji, ambaye mimi sikuwahi hata kusikia kuwa aliumwa.

Majina hayo mawili nimeyaandika kwenye karatasi pamoja na umri wao kwa makadirio, na shangazi amekubali kuipeleka kwa daktari wake siku ya miadi. Hajapimwa jeni, na sijui kama atapata pa kupimiwa. Binamu yangu ameambiwa, na amesema atamweleza mchumba wake mwenyewe kwa wakati wake. Bado tunasubiri. Mimi nimeanza kujichunguza kila mwezi baada ya hedhi kama muuguzi alivyonielekeza.

Dada zangu, na ninyi kaka ambao mnaweza kubeba bila kujua, mkienda nyumbani likizo hii muulizeni bibi, mama na shangazi nani aliumwa nini, na akiwa na umri gani. Muulize kwa upole, na muandike.

Allah amponye shangazi yangu na wagonjwa wote, amrehemu bibi, na atupe ndimi za kusema kweli mbele ya wanaotutibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.